Tupeane uzoefu: wenye magari ya zamani mnaoyatengeneza wenyewe nyumbani

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni wa wenye magari ya kabureta (inayochanganya petroli na hewa) na distributa (inayogawa umeme wa cheche kwa plagi), yale yasiyojua kompyuta ni nini. Nataka visa: gari lilikuwa linasumbua nini, ulipimaje, ukalitibuje.

Naanza na langu, Volkswagen Beetle 1600. Asubuhi linawaka bila kinyongo. Injini ikishapata moto linaanza kumisi, kisha linazima. Ukiliacha lipoe, linawaka tena. Kila aliyesimama kuangalia alisema kabureta (sijui kabureta iliwakosea nini watu). Nikakataa kuigusa kabla ya kupima umeme. Lilipozima nikachomoa plagi, nikaigusisha kwenye chuma mbali na petroli, mwenzangu akapiga starta. Cheche ya njano, dhaifu, mara ipo mara haipo. Kufungua distributa, pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itokee) zimeungua: upande mmoja shimo, upande wa pili kichuguu. Hapo nikajua ni kondensa, kile kikopo kidogo kinachozuia cheche isipige kwenye pointi. Ikichoka, inashindwa kazi inapopata joto, na nguvu ya cheche inaishia kwenye pointi badala ya kufika kwenye plagi. Nilibadili vyote viwili, nikaacha nafasi ya milimita 0.4 kati ya pointi, nikaseti taimingi (wakati wa cheche kupiga) upya kwa sababu ukigusa pointi nayo inahama. Kabureta haijafunguliwa mpaka leo.

Tapeti zake (nafasi kwenye vyuma vinavyosukuma valvu) napima injini ikiwa baridi kabisa, milimita 0.15. Inayogonga kidogo hainitishi. Naiogopa iliyonyamaza: nafasi ikiisha, valvu haifungi vizuri na mwisho inaungua.

Leteni vyenu.

Spana Kumi:
Mimi ni Land Rover Series III, lilikuwa limelala muda mrefu. Ukikanyaga breki na kushikilia, pedali inazama taratibu hadi chini, na hakuna tone linalovuja popote, si kwenye matairi wala kwenye mabomba. Maana yake mafuta yanapita ndani kwa ndani kwenye silinda kuu, ile inayosukumwa na pedali. Nilipoifungua nikakuta mipira imechakaa na ukuta umeliwa na kutu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hata gari likiwa limesimama, kwa hiyo nayabadili kila miaka miwili, litembee lisitembee. Jambo jingine: breki shu nyingi za enzi hizo zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi lake msilipulize kwa upepo. Lifuteni kwa kitambaa kilicholowa maji.

Grisi Tupu:
Langu fupi. Nikifungua kava yoyote nachora umbo lake kwenye kadibodi, natoboa matundu, kila bolti inakaa kwenye tundu lake. Urefu wa bolti haufanani, na ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inapasua aluminiamu.

Mama Minor:
Kabla ya kufunga betri angalieni jamani. Morris Minor yangu ilitoka kiwandani chanya ikiwa kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Kijana aliyekuja kunisaidia kuistati kwa nyaya alishaanza kupeleka hasi kwenye bodi, nikamshika mkono. Nimebandika karatasi pale pale kwenye betri, herufi kubwa. Na taa zikiwa hafifu, msikimbilie dainamo (inayozalisha umeme wa gari). Mimi nilifungua waya wa erthi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi, nikapiga msasa mpaka chuma king'ae, nikafunga tena. Taa zikarudi na honi ikaacha kukoroma.

Mgeni Jikoni:
Wakuu, nati za egzosi zimeganda. Naongeza mpini mrefu kwenye spana au?

Mwenye uzi:
Hapana mkuu, weka mpini chini. Piga brashi ya waya, mwagia oili ya kupenya, iache ilale usiku kucha. Kesho igonge kidogo kwa nyundo kisha jaribu. Ikikupa robo tu, irudishe, ongeza oili, uje nayo tena. Nenda rudi hivyo hivyo. Ikigoma kabisa, futa oili yote kwanza ndipo uipashe moto nati yenyewe, mbali na bomba la petroli. Ila ukisikia ghafla imekuwa laini mkononi na haisogei kutoka pale ilipo, acha hapo hapo: bolti inajinyonga, inataka kukatika.