Naomba ushauri: kuunganisha stringi (vipande vya maandishi) nyingi kwenye J (lugha ya programu) bila kodi kuwa nzito

Wakuu habari zenu, nina orodha ndefu ya stringi, kila moja iko kwenye boksi lake, nataka ziwe stringi moja zenye koma katikati. Nimeandika hivi (y ni hiyo orodha)

> ([,',',])&.>/ y

jibu linatoka sawa ila orodha ikikua inakuwa slow mno, maana kila hatua inanakili upya vyote vilivyokwisha unganishwa. Nyingine naiona nzuri zaidi, kila stringi inaongezewa koma mwishoni halafu inazimwaga zote kwa mkupuo, koma ya mwisho inakatwa

}: ; ,&','&.> y

Sasa hiyo &.> ya kufungua na kufunga boksi mojamoja si bado inakula muda? Na kitenganishi kikiwa na herufi mbili }: inakata moja tu, nyie mnaandikaje?