Mrejesho: kisima changu cha Buhongwa, Mwanza, kinachokata maji

Wakuu, mimi ndiye niliyelalamika kwamba pampu ikiwaka dakika kumi kisima kinakauka, na fundi ananishawishi nichimbe kingine. Mkaniambia nipime kwanza. Nimepima.

Nilivuta maji hadi yakakata, nikasubiri saa nzima kwa saa ya simu, nikavuta tena huku kijana wangu akihesabu ndoo za lita 20. Saba na nusu. Yaani lita 150 kwa saa. Miamba yetu mnaijua, maji yanachungulia kwenye nyufa tu. Lakini zidisha mara 24: lita 3,600 kwa siku! Kisima hakikuwa na kosa, pampu ndiyo yenye pupa, inavuta lita 30 kwa dakika.

Sasa nimefunga taima, pampu inawaka dakika nne kila saa, inajaza tangi la lita 2,000 lenye boya. Nikaongeza kifaa cha kuizima maji yakishuka (pampu ya kwanza iliungua, sitaki kukumbuka gharama).

Wiki ya tatu leo, bomba la jikoni halijakata. Kuna tope kidogo alfajiri, hilo bado nalichunguza.