Zabibu za mvinyo: Dodoma zinakubali, Kigamboni zinaoza. Kwa nini?

Chanja_Kigamboni: Wakuu, heshima kwenu. Mizabibu ya Makutupora nyekundu, aina ya zabibu za mvinyo ya Dodoma, ina miaka mitatu huku Kigamboni. Majani yamejaa chanja nzima, vichala vichache, na punje zinapasuka na kuoza kabla ya kuiva. Samadi ipo, maji yapo. Shida ni joto la Dar au udongo?

Bwana_Zabibu: Mkuu, mchana hata Dodoma jua ni kali. Angalia usiku. Dodoma iko juu, mita 1,100 hivi, na usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Ubaridi huo hutunza asidi ya punje, na ganda hushika rangi. Dar, usiku wa Januari ni nyuzi 25: sukari inapanda huku asidi ikiisha, mvinyo unapooza.

Halafu mvua. Dodoma hupata milimita 550 hadi 600, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, kisha ukavu mtupu. Huku kwetu mzabibu haulazwi na baridi, unalazwa na kiu na mkasi. Dodoma ukipogoa Mei, unavuna Agosti au Septemba juani. Wako una maji mwaka mzima, haupumziki, unazaa majani tu. Mchanga wa Kigamboni hautuamishi maji, usiulaumu.

Fundi_Mkasi: Naongezea. Unga mweupe kwenye punje, unaofutika kwa kidole, ni ubwiri unga. Ganda linakufa, nyama ya ndani inaendelea kukua, punje inapasuka. Piga salfa alfajiri. Joto likipita nyuzi 32 inaunguza majani. Ukiona manyoya meupe chini ya jani na doa kama la mafuta juu yake, huo ni ubwiri vinyoya: tumia dawa ya shaba, salfa haiuwezi.

Samadi simamisha kwanza. Kata maji wiki tatu, pogoa mwanzoni mwa Juni masika yakiisha, acha macho (vifundo vya kuchipua) mawili kila tawi. Ukiacha tawi refu, jicho la nchani huchipua na ya chini hubaki yamelala. Ng'oa majani yanayoziba vichala, upande wa jua la asubuhi. Lenga kuvuna kabla vuli haijaanza.

Chanja_Kigamboni: Shukrani. Kwa hiyo mvinyo mzuri utatoka?

Bwana_Zabibu: Za kula utapata. Za mvinyo, chukua Hombolo au Mpunguzi, huko Dodoma, mwezi Agosti, uzisafirishe usiku kwenye kreti za kina kifupi. Zikirundikwa kwenye viroba zinapondeka, na zitaanza kuchacha kabla hujafika Morogoro. Zao la Februari liepuke hata likiwa la Dodoma: limeivia mvuani, punje zimejaa maji.