Nguru na jodari nje ya Durban: flasha ipo, dagaa wapo, samaki hawakaribii

BoyaJekundu
Wakuu, salaam. Niko Durban, kibali cha kuwinda samaki kwa bunduki ya mishale ninacho, na kwenye miamba ya karibu sina tabu. Tabu iko nje, kwenye kina cha mita 30 hadi 40, tunakotafuta nguru (wenyeji wanamwita couta), fulusi na jodari. Saa nzima inapita naangalia bluu tupu. Flasha yangu (kivutio kinachometameta majini) ni sahani tatu za chuma, imening'inia mita 20 chini ya boya. Dagaa nawakatakata na kumwaga ndoo yote kwa mkupuo. Nguru akitokea, anageuka kabla hajafika umbali wa kupiga. Nakosea wapi?

Membe_wa_Kusi
Kabla ya flasha, jiulize umeruka majini wapi. Bluu tupu mara nyingi ni tupu kweli.

Tafuta kwanza samaki wadogo. Chombo cha kupimia kina kikionyesha wingu la vibua juu ya mwamba, hapo pana chakula. Membe wanaopiga mbizi ni habari njema kuliko wanaozunguka juu juu. Tafuta pia mstari ambapo maji ya kijani yanakutana na ya bluu, wenye povu na takataka: fulusi hupenda kivuli, hata cha gogo moja au kipande cha turubai.

Halafu mkondo. Watu husikia mkondo wa bahari wa Agulhas unakwenda kusini-magharibi wakadhani ndivyo ilivyo kila mahali. Karibu na ufuko wa Durban maji mara nyingi hurudi kaskazini. Zima injini, tupa boya, litazame dakika tano. Samaki wadogo hukaa upande wa mwamba unaopokea mkondo, na wakubwa huwa hapo hapo. Ingia majini mita 100 au 150 kabla ya mwamba, upande unakotoka mkondo, ukaelee kuupita mwamba, kisha boti ikurudishe. Kupiga mapezi ya miguuni kupambana na mkondo ni kumaliza pumzi bure.

Sehewa77
Flasha mita 20 ni chini mno. Mwanga umeshapungua, na wewe mwenyewe humwoni aliyekuja kuitazama. Weka mita 8 hadi 12, uione vizuri ukiwa juu. Sahani tatu ni chache. Funga sita au nane kwenye mshipi mnene wa milimita 2, zikiachana nusu mita, kila moja na kizungushi chake, la sivyo mshipi unajisokota na sahani zinaacha kuzunguka. Zikunje kidogo pembeni. Chini tia uzito wa risasi wa nusu kilo.

Ndoo kwa mkupuo ndiyo kosa kubwa. Chambo chote kinazama pamoja, samaki wanakifuata chini, wanashiba huko. Kata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, dondosha vitatu au vinne, na usiongeze mpaka vya kwanza vianze kupotea machoni. Wewe, flasha na chambo mwelee pamoja. Boti ikitia nanga, chambo kinakwenda na maji, wewe unabaki.

Binafsi kwa nguru simwagi chambo kabisa, flasha inatosha. Chambo ni cha jodari, na papa nao wanakipenda. Wakianza kuwa wengi, acha kumwaga, hama.

Kolekole
Anageuka kwa sababu unamfukuza. Usimwelekee, usimkazie macho. Zama angali mbali, pembeni mwa njia yake, simama kwenye kina chake ukiitazama flasha, mapezi yako yametulia. Udadisi utamleta. Piga akikupa ubavu, ndani ya mita nne, nyuma ya kichwa karibu na uti wa mgongo. Nyama ya nguru ni laini. Ukimpiga tumboni halafu ukavuta kwa nguvu, nyama inachanika, mshale unachomoka naye anakwenda kufa.

Kamba ya mshale isifungwe kwenye bunduki bali kwenye kamba ya boya, yenye kipande cha mpira unaonyumbuka. Kwa jodari mkubwa tumia ncha inayoachana na mshale ikishapenya, na maboya mawili. Kamba usiizungushe mkononi hata kidogo.

Membe_wa_Kusi
Mmoja anazama, mwenzake anamtazama, na aendelee kumtazama nusu dakika baada ya kutoka. Kupoteza fahamu hutokea zaidi karibu na uso wa maji au ukishatoka. Pumzika juu angalau mara mbili ya muda uliokaa chini, na usihemehe haraka haraka kabla ya kuzama.

BoyaJekundu
Nimeelewa, flasha naifunga upya leo. Desemba naenda Mombasa, nitajaribu huko?

Kolekole
Bunduki iache Durban. Kenya imeipiga marufuku tangu 2001, na Tanzania pia hairuhusiwi. Huko nguru mtafute kwa mshipi.