Wenye boti (programu zinazonunua na kuuza zenyewe) za kadi za Magic Online, mchezo wa kadi wa mtandaoni: malengo mnawekaje? Tupeane uzoefu

Fundi_Umoja: Kila mtu anasema mwaka huu atauza maradufu. Maradufu ya nini? Mimi nahesabu tiketi, ndizo pesa zetu humo mchezoni. Dukani tiketi moja ni dola 1, lakini dola ilipita shilingi 160 za Kenya Januari 2024, na kufika Aprili ikashuka kwenye 130. Aliyeweka lengo la shilingi alionekana amefeli, na boti iliuza vizuri tu.

Njiwa: Mwenye nyumba wangu hapokei tiketi.

MamaTuli: Kodi ni matumizi, Njiwa. Si lengo la biashara.

Wa_Kayole: Mmenikumbusha Desemba 2024, jioni ile kadi ya The One Ring (sisi twaiita Pete) ilipopigwa marufuku Modern, mojawapo ya aina za mashindano. Boti iko kwenye seva ya kukodi ng'ambo, haizimi. Mimi niko Kayole, stima imepotea, ruta imelala, bando imeisha. Dunia nzima inakimbia kutupa hiyo kadi, na boti yangu bado inanunua kwa bei ya asubuhi, moja baada ya nyingine, hadi floti, yaani tiketi za kununulia, ikakauka. Nilipopata saiba yenye jenereta nikaingia, nilikuta Pete peke yake, tiketi sifuri. Wateja wanaleta kadi nzuri za kuuza, boti haina cha kuwalipa. Niliumia sana. Tangu siku hiyo lengo la kwanza ni kikomo: aina moja ya kadi isile zaidi ya asilimia 5 ya floti, iwe moto vipi. Faida baadaye.

Ruaka254: Pole sana kaka. Ile jioni naijua.

Njiwa: Asilimia 5 ni ya matajiri. Mwenye tiketi 100 atanunua nini?

Wa_Kayole: Auze kadi za senti, za chini ya tiketi moja. Chenji boti inamwekea mteja kama salio, na mwenye salio hurudi. Hesabu wanaorudi.

Njiwa: Nitalipa kodi na wanaorudi?

MamaTuli: Wewe na kodi! Mwenzako amepoteza floti. Mimi naweka lengo kwa seti (toleo jipya la kadi), si kwa mwezi. Seti mpya ikitoka watu wanafungua vifurushi, bei zinaporomoka. Kununua mapema ni kujichoma.

Ruaka254: Mimi hununua siku ya kwanza na nalala vizuri.

Kijana_Steam: Huku Steam, duka la michezo ya kompyuta, sokoni wanakata kama asilimia 15, na pesa inabaki kwenye pochi yao, haiji M-Pesa. Lengo langu ni michezo ya bure.

Fundi_Umoja: Wa Kayole, zile Pete ulizifanyaje?

Wa_Kayole: Legacy, aina nyingine ya mashindano, bado zinaruhusiwa. Niliziuza humo polepole, kwa hasara.