Tupeane uzoefu: wanaume mliogeuka magolikipa, yaani wa kubaki nyumbani kulea mtoto, mliyamudu vipi?

Wakuu, heshima kwenu.

Nina miaka 41, na 19 kati ya hiyo nimeimaliza kiwandani. Nimeondoka nikiwa msimamizi wa zamu, watu 30 wananisikiliza, redio ya upepo kiunoni. Kibarua kikaota nyasi wiki ileile ambayo likizo ya uzazi ya mama watoto ilikuwa inaisha. Usiku tukakaa na kalamu: mshahara wake unatusogeza, ila wa kumlipa mtu wa kulea mtoto hautoki humo. Na asiyekuwa na pa kwenda asubuhi ni mimi tu.

Nilijiandaa kwa maneno ya majirani. Hayo wala hayakuniuma. Kilichoniuma ni fomu. Nimempeleka mtoto kliniki, nikapewa nijaze: jina la baba, umri wa baba, kazi ya baba. Kalamu ikagoma. Nikaandika "msimamizi wa zamu", nikakata, nikaandika "mfanyabiashara". Biashara ipi sasa? Muuguzi akaniangalia mimi na mtoto, akauliza, "Mama yake anaumwa?" Nikajibu ndiyo. Wakuu, mke wangu ni mzima wa afya, yuko kazini anahangaika, halafu mimi nimemlaza kitandani kwa mdomo wangu ili nisionekane niko nyumbani.

Mliopitia hapa shusheni uzoefu. Wa kuniita marioo wapite kimyakimya.

BABA MAPACHA:
Karibu chamani, mkuu. Mimi huu mwaka wa tatu.

Wiki ya kwanza nilileta ubosi. Nikabandika ratiba kwenye friji: saa 2 kuoga, saa 3 maziwa, saa 4 kulala. Mapacha hawasomi. Mmoja akifumba macho mwenzie anafumbua, utadhani wamepangiana zamu. Siku ya nne mama yao anaingia jioni, bado niko na nguo za kulalia, begani maziwa waliyocheua yameshakauka, vyombo vimefika kwenye bomba. Akauliza kwa upole kabisa, "Leo mmefanya nini?"

Nikalipuka. Katikati ya kulipuka nikanyamaza, maana lile swali nalijua, ni langu. Miaka yote nilikuwa naliuliza mimi, nimesimama palepale mlangoni, begi mkononi. Usiku nikamwomba radhi. Akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akalala. Mimi nikabaki macho.

Jambo moja la kiufundi, lisije likakukuta: maziwa ya mama yaliyokamuliwa ukishayapasha yana saa 2, mtoto akibakiza mwaga. Wala usiyaingize kwenye maikrowevu, yanashika moto huku na huku hayashiki. Nje chupa ina uvuguvugu, ndani kuna sehemu inaunguza mdomo. Chovya chupa kwenye bakuli la maji ya moto, tikisa taratibu, dondoshea mkononi pale unapofungia saa. Mimi niliwahi kusahau chupa nzima mezani usiku kucha. Mama yao alikuwa ameyakamua kazini, amejifungia chooni saa ya mapumziko. Alivyoyaangalia yakiteremka kwenye sinki, hakuna bosi aliyewahi kunifanya nijisikie mdogo vile.

MSEMA KWELI:
Mwezi mmoja, miwili, sawa. Zaidi ya hapo mwanaume anaoza. Nimemaliza.

BABA MAPACHA:
Mkuu, shemeji yetu hapo kwako ana mwaka wa ngapi nyumbani? Naye ameoza?

SHEMEJI YENU:
Niingie kama mke, maana wangu hapendi kuandika.

Kwetu ugomvi haukuwa vyombo, ulikuwa hela. Akitaka ya sabuni au nepi, namwona anavyozunguka sebuleni. Anaanza na habari za mtoto, anapitia hali ya hewa, ndipo anafika kwenye sabuni. Mtu aliyekuwa analisha ukoo mzima! Ilinichoma. Siku hizi mshahara ukiingia, fungu la nyumbani linahamia kwenye simu yake siku hiyohiyo, pamoja na lake la mfukoni ambalo siliulizi limekwenda wapi.

Na mimi nilikuwa na langu. Nguo alizokunja nilikuwa nazikunjua nakunja upya, tena mbele yake. Siku moja nikakuta zake na za mtoto zimekunjwa, zangu ziko kwenye kamba zinapepea. "Zako zinakusubiri mwenyewe." Nilikoma. Taulo zetu sasa zinakaa kama maandazi na zinafuta maji vilevile.

MZEE WA VIATU:
Hakuna aliyetaja upweke. Simu yangu ilikuwa haitulii mchana kutwa, ikawa inaita mara moja: mke, anauliza kama mtoto amekula. Mwezi mzima nilivaa viatu vya kazini ndani ya nyumba, nimefunga na kamba. Sijui nilikuwa namsubiri nani.

Ilifika mahali sili, silali hata mtoto akilala. Mke akanivuta hospitali. Daktari akaniambia sonona baada ya mtoto kuzaliwa haiwapati akina mama peke yao. Nilitibiwa, nikarudi. Mtoto huyo leo yuko shule, na mimi nina kazi yangu. Ukiona dalili hizo usijikaze, kaka.

MLETA MADA:
Mrejesho. Jana ilikuwa siku ya kupima uzito. Muuguzi ni yuleyule. "Mama anaendeleaje?" Nikamwambia hajawahi kuumwa, yuko kazini, anayelea ni mimi. Nilishajipanga kwa hotuba ya dakika tano. Hata hakuinua uso: "Mvue nguo, umweke hapa."

Kilo 7 na gramu 200. Mwezi uliopita alikuwa 6 na 600. Nimetuma picha ya mizani kazini kwa mama yake kabla sijamvalisha mtoto, akanikojolea.

Msema Kweli, bado tunakusubiri.

Halafu la haraka, wazoefu: maziwa yaliyokaukia kwenye shati jeusi yanatoka na nini? Nina usaili Jumatatu na shati ndilo hilo.