Mfereji wa bati unavuja kwenye maungio: kulehemu upya, lami, au aluzinki?

Mlizamu: Wakuu, mfereji wa kati ya mapaa mawili unavuja. Nyumba ni ya zamani, Mji wa Kale, Mombasa. Fundi mmoja ataka kulehemu upya, wa pili apake lami na kitambaa, wa tatu ang'oe aweke aluzinki (bati la chuma lililopakwa alumini na zinki). Masika yanakaribia. Ipi bora?

FundiGata: Urefu? Bati la zinki (chuma kilichopakwa zinki) au shaba? Lilishapakwa lami? Maji yanaenda wapi? Bila hayo tunapiga ramli.

Bati28: Lami achana nayo. Jua la Pwani huipasua, maji yanapenya chini yake na hayatoki, bati linaliwa gizani. Lehemu. Sugua ungio ling'ae, sentimita 3 kila upande. Paka asidi ya chumvi iliyotiwa vipande vya zinki hadi iache kutoa povu. Tandaza lehemu nyembamba kila upande kwanza, lalisha bati moja juu ya jingine milimita 25, piga riveti, ndipo upitishe chuma cha kulehemu chenye kichwa cha shaba polepole hadi lehemu inywewe ndani. Ikijiviringa matone juu, bati halijapata joto. Malizia kuosha kwa maji ya magadi, la sivyo asidi italeta kutu.

Shuwari: Tochi ya gesi si haraka zaidi?

Bati28: Haraka ya kuchoma nyumba. Chini kuna boriti kavu na vumbi la miaka. Na zinki ikiungua, moshi wake mweupe unaleta homa.

Mlizamu: Samahani, nilisahau. Mita 11, bati la zinki, lami ipo sehemu mbili. Maji yanaingia tangi.

FundiGata: Ulisahau yote ya maana! Mita 11, joto likipanda nyuzi 40, zinarefuka kama milimita 5. Kuna mfereji wa kiasi hicho uliolehemiwa safi kabisa, ila ukapigiliwa misumari ncha zote mbili. Kiangazi kimoja tu, ungio la kati likachanika kama mshono wa kanzu. Likajazwa lehemu, likachanika kando yake. Likajazwa tena. Mwisho kukawa na kichuguu kinachozuia maji, na kuvuja palepale. Ukate katikati, inua kingo mbili, vika kofia juu, kila nusu imwage upande wake. Ushikwe kwa vibanio vinavyouacha uteleze, si misumari.

MamaTangi: Lehemu ya nusu kwa nusu (stani, yaani tin, na risasi) mafundi huiita risasi, na kweli ina risasi, ambayo ni sumu. Kwa tangi la kunywa tafuta ya stani na shaba. Inataka joto zaidi, kama nyuzi 230.

Shuwari: Basi aluzinki.

Bati28: Aluzinki haishiki lehemu. Utabaki na riveti na silikoni. Halafu nani anakunywa maji ya paa la kunguru wa Mombasa?

MamaTangi: Mvua ya kwanza humwagwa, Bati28. Maji ya kisima cha chumvi ndiyo unayoyasifu?

Bati28: Sijasema kisima.

Mlizamu: Na lami iliyopo inatokaje?

FundiGata: Alfajiri, ikiwa baridi na ngumu, kwa patasi butu. Mabaki kwa kitambaa cha mafuta ya taa, kisha sabuni, na mafuta yakauke kabisa kabla ya kuleta moto. Chini yake ukikuta wekundu, kipande hicho kikatwe. Tupia picha.

Shuwari: Na kunguru wanafukuzwaje?